Tukisafiri na Watoto, Tupumzike Wapi?



Siku hizi safari za jamaa nzima zimekuwa nyingi kuliko zamani. Leo ni arusi, kesho ni msiba, keshokutwa kijana wa ukoo anapata upadre au anamaliza chuo. Zamani alikwenda mtu mmoja akarudi na habari. Sasa twachanga fedha, twakodi motokaa, twaingia wote: bibi, baba, mama na watoto. Si vibaya. Watoto wasipowaona ndugu zao wa mbali watawajuaje?

Lakini nimeona kwamba twapanga mambo yote ya safari ila moja. Twapanga zawadi, twapanga vitambaa vya sare, twapanga hata nani atalala chumba gani. Mahali pa kupumzika njiani hatupangi. Twasema tu, "Tutaona huko huko mbele." Basi ngoja nikusimulie sisi tuliona nini huko mbele. Kisha nitakutajia vituo vya njia kuu ya kutoka Morogoro kwenda Iringa, ambavyo nimevijaribu na watoto wangu mwenyewe.

SAFARI YA HARAKA

Miaka miwili iliyopita mdogo wa mke wangu alikuwa akioa huko Iringa. Sisi twakaa kijijini, upande wa Morogoro. Tulikodi Noah, na shemeji yangu mkubwa akashika usukani. Tulikuwa watu wanane: shemeji, mimi, mke wangu, mama mkwe, na watoto wanne. Shemeji ni dereva hodari, lakini ana ugonjwa mmoja. Hupenda kutaja saa alizotumia njiani kama mtu anayehesabu ng'ombe zake mbele ya watu.

Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri. Shemeji akasema, "Saa nne na nusu twanywa chai Iringa." Nami nikajibu, "Hayo ndiyo maneno." Kosa la kwanza lilikuwa langu, maana baba wa wale watoto ni mimi, si yeye.

Morogoro mjini tulipita bila kusimama. Vijiji vya mbele vivyo hivyo. Tulipoingia katika Hifadhi ya Mikumi, kitinda mimba wetu wa miaka mitatu akasema anabanwa na haja ndogo. Mle hifadhini mtu haruhusiwi kushuka, kwa hiyo akajikojolea. Dada yake akatapika juu ya kitenge cha sare ya arusi. Tulipofika Mikumi mjini mke wangu akasema, "Kaka, simama kidogo, watoto wamechoka." Akajibiwa, "Kidogo tu, tukifika Ruaha." Tulipofika Ruaha tukaambiwa, "Kidogo tu, tukimaliza Kitonga." Mama mkwe alikuwa kimya. Nami nilikuwa kimya, nikiona haya kubishana na shemeji mbele ya mama yake.

Wajua Kitonga jinsi kulivyo. Barabara yapanda mlima kwa kona baada ya kona, upande mmoja ukuta wa mawe, upande wa pili korongo, na malori yatambaa kama konokono. Kwenye kona moja watoto wakaona kundi la nyani ng'ambo ya barabara. Wakapiga kelele kwa furaha, mara ya kwanza tangu asubuhi. Basi shemeji, aliyekataa mahali pote pazuri, akasimama pale penye kona. "Haya, tazameni upesi."

Motokaa ile ina mlango wa kuburuta pande zote mbili. Mtoto wetu wa miaka sita akaburuta mlango wa kulia, ule unaofungukia katikati ya barabara, akaruka ili avuke kwenda kwa nyani. Wakati huo huo basi lilikuwa likiteremka kona. Nilisikia honi tu. Mama mkwe, mzee mwenye miguu mibovu, alinyosha mkono akamkamata mjukuu wake kwa shati. Vifungo viwili viliruka, mtoto akaanguka ndani kwa mgongo, na basi likapita. Upepo wake ulitikisa gari zima.

Hakuna aliyesema neno mpaka juu. Huko tukasimama mahali pa wazi. Shemeji alishuka akakaa chini, akashika kichwa. Tulifungua chakula lakini hakuna aliyekula. Hapo ndipo mama mkwe akasema kwa sauti ya pole, "Arusi ni kesho. Leo tulikuwa tunamkimbiza nani?"

Wapenzi, sikuwa na jibu, na hata leo sina. Mimi ni karani wa parokia. Kazi yangu ni kuandika vitabuni: ubatizo, ndoa, mazishi. Usiku ule wa kuamkia arusi nililala nikiwaza kile kitabu cha tatu, na jina ambalo ningeliandika humo kwa mkono wangu mwenyewe. Asubuhi nikachukua karatasi nikaandika mahali tutakapopumzika wakati wa kurudi. Shemeji aliisoma, akaikunja, akaitia katika mfuko wa shati. Tumeitumia wakati wa kurudi, na mara mbili tena baadaye. Yaliyomo ni haya.

DOMA: KABLA YA HIFADHI

Ukitoka Morogoro mwendo wa karibu saa moja wafika Doma. Mbele yake ni Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, na barabara kuu yapita ndani yake kwa kilometa 50 hivi. Kwa hiyo Doma ndipo pa kwenda chooni. Waende wote, hata yule anayesema, "Mimi sina haja." Huyo ndiye atakayekuja kulia katikati ya tembo.

Usikae kando ya lami. Ingia ndani kidogo, piga hodi nyumba yenye mti mzuri, useme, "Twaomba kivuli kwa ajili ya watoto." Sijapata kunyimwa hata mara moja. Tena ni somo jema kwa watoto: waamkie wenyeji, waombe kwa heshima, washukuru, wasiache hata ganda la yai chini ya mti wa watu.

NDANI YA HIFADHI

Humu hupumziki, lakini ukijitayarisha macho ya watoto yatapumzika. Wape kazi. Walioketi kulia wahesabu wanyama wa kulia, walioketi kushoto wahesabu wa kushoto. Swala pala huonekana karibu kila mara, na mara nyingi pundamilia, twiga, nyani na nyati. Tembo ni bahati ya siku, hasa asubuhi na jioni. Mara ya kwanza watoto wangu walipita humu wakilia. Mara ya pili walihesabu swala mpaka wakagombana.

Dereva ashike mwendo ulioandikwa kwenye vibao. Wanyama huvuka wakati wowote, na kuna faini kwa anayemgonga, kila mnyama na kiasi chake. Tena usiruhusu mtoto atupe ganda la ndizi dirishani. Nyani wakizoea kwamba chakula hutoka barabarani, hukaa barabarani, na hapo ndipo wafapo.

MIKUMI MJINI

Ukitoka hifadhini waingia Mikumi mjini, penye maduka, vyoo na wauza chakula. Hapa mbadilishe mtoto nguo, mnawe, mnywe uji mliokuja nao katika chupa ya chai. Lakini ni mahali pa mabasi na malori mengi, si mahali pa kucheza. Nusu saa yatosha.

Mwenye siku nzima ya ziada ajue kwamba hapa ndipo njia ya Kidatu na Ifakara ichepukapo. Kwa njia hiyo utafika Mang'ula, penye lango la Hifadhi ya Milima ya Udzungwa, ambako maporomoko ya maji ya Sanje huanguka jumla ya mita 170 hivi. Hiyo ni safari yake yenyewe, ya watoto wenye miguu ya kupanda mlima. Usiichanganye na safari ya arusi.

BONDE LA MIBUYU

Hapa ndipo ningependa ukae kuliko mahali pengine pote njiani. Ukikaribia Ruaha Mbuyuni, mto Ruaha Mkuu waonekana kando, na vilima vyote vimejaa mibuyu, maelfu kwa maelfu. Watoto waliolala huamka wenyewe.

Jambo la kwanza la kujua: kiangazi mbuyu hauna majani, kwa hiyo hauna kivuli. Sisi tulidanganyika mara ya kwanza, tukatandika mkeka chini ya mbuyu mkubwa, jua likatuchoma kama samaki. Tafuta mkwaju. Mkwaju una kivuli kizito, tena haupungui katika bonde hili. Tandika mkeka chini ya mkwaju, na mbuyu mwende kuutazama.

Watoto washikane mikono wauzunguke mbuyu, wahesabu ni watu wangapi waliotosha. Wetu wanne hawakutosha, tukaongezeka mimi na mama yao, bado tukabaki na pengo. Waeleze kwamba mti huu huhifadhi maji katika shina lake, na ndiyo maana tembo hulichubua wakati wa ukame. Maua yake meupe hufunguka jioni, na popo huyatembelea usiku na kuyachavusha. Wataalamu wameipima mibuyu ya nchi mbalimbali za Afrika, wakaona mingine ina umri zaidi ya miaka 1,000. Kifungua mimba wetu alinyamaza aliposikia hayo. Kisha akauliza, "Baba, basi mti huu ulimwona babu wa babu yako?" Nikamwambia, "Huenda hata babu wa huyo." Maswali namna hiyo hayaji mtoto akiwa amebanwa katika kiti saa tano.

Sasa onyo. Mto Ruaha ni mzuri kwa macho tu. Una mamba na viboko. Mtoto asiteremke kuchota maji wala kuoga, hata kama awaona wenyeji wakifanya hivyo, maana wao wajua mahali pao. Na maji yaliyotuama kwenye madimbwi na mifereji huweza kuwa na kichocho. Maji ya kunawa yatoke katika dumu lako.

Wakati wa kuondoka nunua vitunguu vya Ruaha Mbuyuni. Ni maarufu, na mwenyeji wako wa Iringa atafurahi.

KITONGA: CHINI AU JUU, KAMWE SI KATIKATI

Nimekwisha kukusimulia ya kwetu, sina haja ya kurudia. Pumzikeni chini kabla ya kuanza kupanda, ili dereva anyoshe miguu na injini ipoe. Mkitaka, pumzikeni tena juu, mahali pa wazi nje ya barabara. Katikati msisimame, liwe tumbili, liwe korongo, iwe picha ya simu. Motokaa ikiharibika, hilo ni jambo jingine: watu wote washuke upande wa kushoto, wasimame mbali na gari, na pembetatu nyekundu iwekwe nyuma kabla ya kona, siyo baada yake.

ILULA NA LUGALO

Ukimaliza mlima hewa yabadilika. Kule bondeni watoto walivua mashati, huku wataomba sweta. Iringa mjini pako zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, na mwezi wa Juni na Julai baridi si mchezo. Sweta ziwe juu ya mizigo, si chini ya gunia. Ilula ni nchi ya nyanya, utaziona kando ya njia zimepangwa katika ndoo na matenga. Nyanya, mkate na chumvi, na mayai mliyochemsha nyumbani, hapo mmepata chakula cha mchana.

Kabla ya kufika Iringa kuna Lugalo. Tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe wa Mtwa Mkwawa, wengi wao wakiwa na mikuki na ngao, walikivizia na kukishinda hapo kikosi cha Wajerumani, na kamanda wao Emil von Zelewski akauawa. Mahali pana mnara wa ukumbusho. Kwa mtoto aliyesoma habari hizo darasani, dakika ishirini za kusimama hapo zamfaa kuliko kurasa nyingi. Mimi nilisomea ualimu kabla ya kushika ukarani, nami nasema kweli: sikupata kuwa na darasa lililonisikiliza kama wanangu wanne walivyonisikiliza Lugalo.

MKIISHA KUFIKA

Kufika si mwisho wa kupumzika. Watoto walioketi saa nyingi wakiingizwa mara moja katika nyumba ya wageni wengi watavunja vyombo. Sisi huwapeleka kwanza Gangilonga, jiwe kubwa lililo juu ya mji wa Iringa. Kwa Kihehe maana yake ni jiwe linaloongea, na husemwa kwamba Mkwawa alikuwa akikaa hapo kutafakari. Kulipanda si kazi kubwa, na juu yake waona mji wote. Wadogo washikwe mkono.

Mkiwa na siku moja zaidi, nendeni Isimila, kilometa 20 hivi kutoka mjini kwa njia ya Mbeya. Hapo mwaka 1951 yalitambuliwa mashoka ya mawe ya watu wa kale mno, na wataalamu walichimba mwaka 1957 na 1958. Wengine hukadiria umri wake kuwa zaidi ya miaka 200,000. Mashoka bado yapo, yamelala chini mtoto ayaone. Kando yake kuna bonde lenye nguzo za udongo ndefu kupita nyumba, zilizochongwa na mvua. Kuna kiingilio, na kuna mtu wa kuwaongoza. Mfuate, maana kingo za bonde ni laini.

MAMBO YA KUSHIKA

Kwanza, andikeni vituo kabla ya kuondoka, na dereva akubali mbele ya wote. Njiani ni vigumu kubishana na mwenye usukani.

Pili, msipitishe saa mbili bila kushuka. Dereva naye ni mtu, na usingizi haupigi hodi.

Tatu, mlango wa kulia usifunguliwe kamwe kando ya barabara. Mtu mzima ashuke kwanza, kwa mlango wa kushoto, asimame kati ya watoto na lami.

Nne, chagueni mahali penye vitu vitatu: kivuli, nafasi ya kukimbia, na umbali kutoka barabarani. Kikikosekana hicho cha tatu, endeleeni mbele.

Tano, kwa anayetapika, chukueni kopo lenye mfuniko. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu mwaka 2019. Mtoto huyo asile mafuta asubuhi, asitazame kitabu wala simu, atazame mbali mbele.

Sita, wanaosafiri kwa basi, nao ndio wengi wetu, wamwulize kondakta mapema basi litasimama wapi. Akiita, "Dakika kumi, wa kuchimba dawa!", mzazi mmoja ashuke na watoto akiwashika mikono, mwingine abaki na mizigo. Mtoto mkubwa afundishwe jina la basi na namba yake. Na basi likisimama mahali pabaya, usione haya kusema. Ukisema wewe, utasikia wengine nyuma yako wakisema pia.

Wakati wa kurudi tuliondoka Iringa saa kumi na mbili asubuhi, tukafika nyumbani saa tisa alasiri. Tulitumia saa mbili zaidi kuliko wakati wa kwenda. Shemeji alipoulizwa na jirani ametumia saa ngapi njiani, alisema, "Sikutazama." Mama mkwe alicheka mpaka akashika mbavu. Na yule wa miaka sita hata leo huuliza lini tutakwenda tena kwenye mbuyu wake. Vifungo viwili vya shati lake havijashonwa tena. Mama yake alisema viachwe vivyo hivyo, tuvikumbuke.

Basi, ndugu msomaji, safari njema. Na ukipita bonde la mibuyu ukaona jamaa wameketi juu ya mkeka chini ya mkwaju, watoto wanauzunguka mti mkubwa karibu yao, huenda ni sisi. Simama pembeni, mbali na lami, ushuke kwa mlango wa kushoto, uje utusalimu. Chai haitakosa.